Kiti cha Arusha Mjini ni cha Nani?

Tangu 2010 jimbo la Arusha Mjini limekaa bila mbunge, au na mbunge asiyeweza kusimama bungeni, mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa hukumu ya mahakama, ya pili kwa kifo cha mgombea, ya tatu kwa sababu mbunge mwenyewe alikuwa mahabusu. Majirani zao wa Arumeru Mashariki walimpoteza wa kwao kwa tangazo la Spika. Kifo ni kazi ya Mungu. Haya mengine yaliamuliwa na watu, na mpiga kura hakuwa miongoni mwao. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike mjadala huu.

Wazungumzaji wanne nimewatunga mwenyewe, kwa hiyo nawaita kwa kazi zao tu: mwalimu mstaafu wa historia aliyezaliwa Ngarenanyuki, diwani mstaafu wa CCM, wakili kijana wa mjini, na mama anayeuza ndizi soko la Kilombero. Watu, tarehe na matukio ya kisiasa wanayoyataja ni ya kweli. Nami nitaingilia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

WAKILI: Shikamooni wazee wangu. Mama, shikamoo.

MAMA: Marahaba mwanangu.

MWALIMU: Marahaba binti yetu. Anza wewe, maana nikianza mimi nitawarudisha mpaka kwa Wajerumani.

WAKILI: Turudishe tu, Mwalimu. Hoja yangu inaanzia huko huko: jimbo hili halijawahi kuwa mali ya wanaoishi ndani yake.

MWALIMU: Basi tuanzie Boma. Lilijengwa mwishoni mwa 1899 na 1900 kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliolazimishwa baada ya kupigwa vitani. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wakati ule Berlin kulikuwa na bunge, Reichstag, ambalo wanaume wa Kijerumani walilichagua jimbo kwa jimbo, na bunge hilo ndilo lililopitisha fedha za kuendeshea koloni hili. Mkulima wa Bavaria alikuwa na mtu wa kumsemea juu ya Arusha. Mwarusha hakuwa naye.

Mwingereza naye akaja na Baraza la Kutunga Sheria, wajumbe wakiteuliwa na Gavana. Novemba 1951 serikali yake ikatuhamisha kwa nguvu Ngarenanyuki, karibu watu 3,000, ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, tukaambiwa twende Kingori, kwenye joto na maradhi. Nani angetusemea? Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa na ofisi Moshi. Kirilo hakuwa na jimbo, hakuwa na mshahara wa ubunge, hakuwa na kinga ya bunge. Alikuwa na watu waliomchangia kutoka mifukoni mwao. Kwangu mimi huyo ndiye mwakilishi wa kwanza wa Meru, na sijui kama tumepata wa pili.

DIWANI: Mwalimu, nakuheshimu, ila umeishia njiani. Azimio la kututetea halikupata theluthi mbili kule New York, na walowezi wakaingia mashambani. Mtu mmoja, hata awe hodari vipi, hana nguvu bila chama. Nguvu tuliipata TANU ilipokuja. Unamkumbuka Sophia Mustafa?

MWALIMU: Namkumbuka vizuri.

DIWANI: Basi mweleze binti.

MWALIMU: Uchaguzi wa 1958 ulikuwa wa kura tatu. Ili upige kura sharti uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Ukipewa karatasi, lazima umchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha nafasi moja wazi, kura yako imeharibika. TANU ilivutana sana kabla ya kukubali kushiriki, mpaka mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Jimbo la Kaskazini, kiti cha Wahindi kikachukuliwa na Sophia Mustafa, mama wa Arusha mjini, kwa kuungwa mkono na TANU.

DIWANI: Umesikia? Bila chama, Mchaga wa Machame na Mmeru wa Akheri wangempigia kura mama wa Kihindi kwa lipi? Chama ndicho kilichosema huyu ni wetu, na watu wakaamini. Mnaposema chama kinamnyang'anya mwananchi kiti, mkumbuke kwamba chama ndicho kilichoufungua mlango wa chumba chenyewe.

WAKILI: Hoja hiyo ni nzito, mheshimiwa, na siibishii. Lakini muulize Mwalimu kilichotokea Mbulu miaka miwili baadaye.

MWALIMU: Uchaguzi wa 1960 ulikuwa na viti 71, TANU ikachukua 70. Kile kimoja kilikuwa Mbulu, huku huku kwetu kaskazini. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu wakamtaka Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama peke yake bila baraka za chama na akashinda. Hawakuikataa TANU. Walikataa kuchaguliwa mtu.

WAKILI: Mlango ule leo umepigwa kufuli. Katiba yetu inataka mgombea ubunge awe mwanachama na adhaminiwe na chama. Ukifukuzwa uanachama, ubunge nao umekwisha. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka shauri hilo mahakamani, akashinda Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni la Bunge, si la majaji. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na makao yake ni hapa hapa Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikatamka kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja Mkataba wa Afrika. Miaka zaidi ya kumi imepita. Sarwatt angekuwa hai leo na akataka kusimama vile vile, fomu yake isingepokelewa.

MAMA: Mimi hizo za Afrika siziwezi. Mniambie jambo moja. Mbunge wetu Lema alipokuwa gereza la Kisongo, shida yangu ningempelekea nani?

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu swali la mama ndilo kiini cha yote. Godbless Lema wa CHADEMA alishinda Arusha Mjini mwaka 2010 dhidi ya Batilda Burian wa CCM. Kabla hata hajazoea kiti, mji ukaingia kwenye mgogoro wa umeya: CHADEMA ilipinga kura ya mbunge wa viti maalumu ambaye, kwa madai yao, alikuwa wa Tanga na hakustahili kupiga kura katika baraza la madiwani la Arusha. Hoja ilikuwa ya uwakilishi kabisa, nani ni wa hapa na nani si wa hapa, nayo ikaishia barabarani. Tarehe 5 Januari 2011 polisi walitawanya maandamano na watu watatu wakafa. Juni 2013 bomu likarushwa kwenye mkutano wa kampeni wa CHADEMA katika viwanja vya Soweto, likaua tena. Watu wamekufa kwa ajili ya jimbo hili, na anayeliandikia asipolikumbuka hilo anakosea adabu.

Kisha mahakama. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Lema kwa lugha aliyoitumia kwenye kampeni. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Sababu waliyoitoa majaji inastahili kusomwa polepole: waliofungua shauri walikuwa wapiga kura wa kawaida, na matusi yanayodaiwa hayakuwalenga wao. Haki yao wenyewe haikuguswa, kwa hiyo hawakuwa na uhalali wa kushtaki. Naiona mantiki. Bila kizuizi hicho kila aliyeshindwa angejificha nyuma ya jina la jirani yake. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba jimbo lilikaa miezi zaidi ya minane bila mbunge, na mwishoni likaambiwa kuwa mpiga kura, katika shauri la kiti chake mwenyewe, ni mpita njia.

Mwaka 2015 mgombea wa ACT-Wazalendo, Estomih Mallah, alifariki na uchaguzi wa ubunge ukasogezwa mpaka 13 Desemba. Lema akashinda tena. Novemba 2016 akakamatwa Dodoma kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais Magufuli, akanyimwa dhamana, akabaki mahabusu mpaka 3 Machi 2017. Hakuwa amehukumiwa kwa kosa lolote. Mama hajapata jibu la swali lake mpaka leo, maana sheria haina mbunge wa akiba.

DIWANI: Mama, mimi ningekujibu: ungekuja kwangu, diwani wako. Na ningekuambia kweli. Mbunge anayegombana na serikali kila siku anawasha jukwaa, lakini mtaro hauchimbwi na jukwaa. Tumekaa miaka kumi kwenye mapambano. Leo Olmoti kuna uwanja wa mpira wa watu 30,000 unaojengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Mambo hayo huja pale mji na serikali wanaposikilizana. Ndiyo maana sikushangaa watu wa Arusha kupata wabunge waliowahi kuwa wakuu wa mkoa. Mrisho Gambo aliijua ofisi, alijua mlango upi unagongwa kwa ajili ya maji na upi kwa ajili ya barabara.

MAMA: Uwanja naujua, nauona nikipita. Na mimi sokoni tunataka paa lisilovuja. Nani alipitisha kwamba uwanja uanze?

DIWANI: Serikali, mama.

MAMA: Basi mbunge alifanya nini?

DIWANI: Alisemea.

MAMA: Kama serikali ingejenga tu hata asiposema, kusema kwake kumenisaidia nini? Na kama isingejenga bila yeye kuwa rafiki, sisi tuliomchagua yule mwingine tulikuwa tunaadhibiwa?

MWALIMU: Jibu, Diwani.

DIWANI: Sisemi mliadhibiwa. Nasema serikali nayo ina mikono miwili tu, inaanza na anayeipa mkono.

WAKILI: Mheshimiwa, mkuu wa mkoa ni mteule wa Rais. Kazi ya mbunge, kwa Katiba, ni kuisimamia serikali. Gambo alikuwa mkuu wa mkoa kuanzia 2016, akawa mbunge 2020. Paul Makonda akawa mkuu wa mkoa 2024, akawa mbunge 2025. Si kosa la kisheria, na sisemi mtu wa serikali hawezi kuwa mbunge mzuri. Nasema tunaanza kuzoea njia inayopita ofisini kwa Rais kabla ya kufika kwa mpiga kura. Na huyo Gambo unayemsifu aliondokaje? Julai 2025 Kamati Kuu ya CCM ilirudisha majina ya wanaoruhusiwa kwenda kura za maoni Arusha Mjini, lake halikuwemo. Hata wajumbe wa chama chake hawakupata nafasi ya kumkataa. Akitoka Lema kwa upinzani, mnasema ni siasa. Akitoka Gambo wa kwenu, mtasemaje?

DIWANI: Nitasema chama kina utaratibu wake na kina sababu zake.

WAKILI: Ambazo mwananchi haambiwi.

DIWANI: Ambazo mwananchi haambiwi. Hapo siwezi kukupinga.

MAMA: Na Oktoba 2025 CHADEMA hawakuwemo kabisa kwenye karatasi. Tulizoea kuchagua kati ya wawili wanaochukiana. Safari hii ukiingia unamkuta mmoja unayemjua, na wengine hujawahi hata kuwasikia.

MWALIMU: Hilo la kumnyima mpiga kura ushindani si geni hapa, na si la chama kimoja kumfanyia kingine tu. Lakini mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU ilisimamisha watu wawili karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Ulikuwa mfumo wenye kasoro zake, lakini mpiga kura alikuwa na panga mkononi. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa na watu wake Mwanza. Waziri wa Fedha! Ndani ya chama kimoja! Leo tuna vyama zaidi ya kumi na kuna majimbo ambako mtu hupita bila kupingwa.

WAKILI: Kama Arumeru Mashariki 2019.

MWALIMU: Ile inaniuma kwa sababu ni kwetu. Jeremiah Sumari alifariki Januari 2012. CCM ikamsimamisha mwanawe, Sioi, CHADEMA ikamsimamisha kijana Joshua Nassari. Tarehe 1 Aprili watu wakaamua: kura 32,972 kwa Nassari, 26,757 kwa Sioi. Nilikwenda kusoma karatasi ya matokeo iliyobandikwa mlangoni mwa kituo chetu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, sahihi za mawakala chini yake, gundi bado mbichi. Wazee walipanga foleni kuisoma kana kwamba ni hati ya shamba, na kila aliyesoma aligeuka kumsomea asiyejua kusoma. Hakuna aliyeshangilia mpaka mstari wa mwisho ulipokwisha kusomwa.

Machi 2019 Spika Job Ndugai akatangaza kiti ki wazi kwa kuwa Nassari hakuhudhuria mikutano mitatu ya Bunge mfululizo. Nassari alieleza kuwa alikuwa Marekani kwa ajili ya uzazi wa mkewe na kwamba alimwandikia Spika. Katiba inasema mikutano mitatu bila ruhusa, kiti kinakwenda. Sawa, sheria ni sheria. Lakini uchaguzi mdogo ulipoitishwa, John Pallangyo wa CCM akapita bila kupingwa. Jimbo zima la wapiga kura halikupewa hata karatasi ya kuweka alama.

DIWANI: Na huyo Nassari alikwenda wapi baadaye? Alihamia CCM, na 2021 Rais akamteua mkuu wa wilaya ya Bunda. Simlaumu. Naonyesha tu kwamba mnayemwita mtu wa wananchi naye alikuja kuona mwanga uko wapi.

MWALIMU: Alikuwa na haki ya kuhama. Kura zetu hazikuhama naye, Diwani. Ndiyo nasema: kila mtu katika kisa hiki alikuwa na kifungu cha kumlinda. Spika alikuwa nacho, chama kilikuwa nacho, mbunge alikuwa nacho. Sisi tulikuwa na wino kidoleni.

DIWANI: Sasa binti, wewe unayesoma vitabu vya nje. Wapi wamefanya vizuri zaidi? Maana hata kwa hao Wajerumani waliotujengesha Boma, nimesikia mwaka 2025 watu walishinda majimboni na wakarudishwa nyumbani.

WAKILI: Umesikia kweli, na nafurahi umelileta wewe. Ujerumani ina majimbo 299, na kila mpiga kura ana kura mbili, moja ya mtu wa jimbo, nyingine ya chama. Sheria ya 2023 iliweka Bundestag iwe na viti 630, basi. Ukishinda jimbo lakini kura za chama chako hazitoshi kulipia viti vyenu, unakosa kiti. Uchaguzi wa Februari 2025 washindi 23 wa majimbo hawakuingia bungeni.

DIWANI: Chama kwanza! Nilisema.

WAKILI: Tofauti ni hii, mheshimiwa. Washindi wale 23 waliondolewa na hesabu ya kura zilizopigwa na wananchi wenyewe. Hawakuondolewa na kikao cha usiku. Lakini mimi nawatazama Wajerumani kwa jambo jingine, mipaka. Kwao jimbo likipishana na wastani wa watu kwa zaidi ya asilimia 25, ni lazima lichorwe upya. Hapa Jiji la Arusha kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya 600,000 na mbunge mmoja. Wastani wa jimbo Tanzania Bara ni kama watu 270,000. Zanzibar, watu chini kidogo ya milioni 1.9 wana majimbo 50, sawa na watu 38,000 kwa jimbo. Mama anayeuza ndizi Kilombero anagawana mbunge na watu wa kujaza majimbo kumi na sita ya Visiwani.

DIWANI: Hapo usichanganye. Zanzibar ni mshirika wa Muungano, haikuja kama mkoa. Na Katiba inaitaka Tume ya Uchaguzi iangalie watu, mawasiliano na jiografia, si vichwa peke yake. Mbunge wa Longido au Ngorongoro anatembea siku nzima kuwafikia watu ambao wa Arusha Mjini anawafikia kwa daladala moja.

WAKILI: Ya Muungano nakuachia, umenishinda. Ya Bara sikuachii. Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo manane: Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, na mengine Kanda ya Ziwa. Arusha Mjini ikabaki moja.

DIWANI: Hilo hata sisi madiwani tuliliongea kwa miaka. Kata ya Muriet peke yake sasa ni mji.

Nadhani hapa wote wanne wako karibu kuliko wanavyodhani. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, mwaka 2013, ilipendekeza wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, na mbunge asizidi vipindi vitatu. Bunge Maalumu la 2014 liliviondoa vipengele hivyo viwili. Walioviondoa wengi wao walikuwa wabunge, na walikuwa wakiamua juu ya viti vyao wenyewe. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Mahakama, Spika, chama na dola wote wanaweza kumwondoa mbunge wa Arusha, kila mmoja kwa njia yake. Aliyebaki nje ni yule aliyemweka.

DIWANI: Mgombea binafsi nakubali, nimechoka kuona watu wazuri wanakatwa. Jimbo kugawanywa nakubali. La kumwondoa mbunge katikati sikubali. Mtaona Ngarenaro kila baada ya miezi sita wanakusanya sahihi, tajiri mmoja tu akiamua kulipa.

WAKILI: Tuweke masharti. Asiguswe miaka miwili ya mwanzo, na sahihi zitoke kila kata.

DIWANI: Kila kata, asilimia ngapi?

WAKILI: Ishirini.

DIWANI: Ishirini ni ndogo mno, hiyo ni kampeni ya tajiri. Theluthi.

MAMA: Theluthi hamtaipata hata kwa harusi. Weka robo, na mbunge aje sokoni ajieleze kwanza kabla hatujaandika majina.

MWALIMU: Na zikihesabiwa, zibandikwe mlangoni, kata kwa kata, kama ile ya 2012.

DIWANI: Robo, kila kata, na ajieleze kwanza. Hilo nitalipeleka kwenye kikao cha tawi. Wakinikatalia nitakuja kuwaambia ni nani alikataa.